Mfugaji, ipime hesabu ya kompyuta kabla haijakutia hasara

Na Mwandishi Wetu

WAFUGAJI wengi wa kuku pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Bunju, Tegeta na Mabwepande wilayani Kinondoni hadi Mbagala, Chamazi na Toangoma wilayani Temeke, sasa hawategemei daftari peke yake. Mahesabu ya vifaranga, chakula, dawa na mauzo yamehamia kwenye jedwali la Excel au programu nyingine ya aina hiyo, katika kompyuta ya nyumbani au kwenye simu ya mkononi.

Mara nyingi jedwali hilo limetengenezwa na kijana wa nyumbani, au limenakiliwa kutoka kwa mfugaji mwenzake. Mwenye mradi kazi yake ni kujaza namba tu, kisha anaangalia chini kabisa palipoandikwa "faida". Kompyuta ikisema faida ipo, anaamini. Ikisema kuku mmoja amegharimu kiasi fulani, anampangia mchuuzi bei kwa kiasi hicho.

Ni jambo jema kuweka kumbukumbu kwa kompyuta. Tatizo ni kwamba watu wachache sana hulijaribu jedwali kabla ya kulitumia. Na wale wanaolijaribu, hulijaribu kwa namba zilizo sahihi tu, wakaridhika. Hakuna anayejiuliza: je, nikisahau kujaza bei ya chakula, jedwali hili litaniambia, au litanyamaza na kunipa jibu la uongo?

Swali hilo ndilo linalotenganisha jedwali linalomsaidia mfugaji na lile linalomfilisi polepole.

Alama ya /= inavyokula faida

Tuchukue mfano wa mfugaji mwenye vifaranga 500 wa kuku wa nyama. Bei hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke za kwake. Vifaranga amenunua kwa Sh 900,000. Mifuko 35 ya chakula, kila mmoja Sh 80,000, ni Sh 2,800,000. Dawa na chanjo Sh 150,000, mkaa na umeme Sh 120,000, maranda Sh 60,000, kibarua Sh 200,000 na usafiri Sh 70,000.

Ukijumlisha kwa mkono utapata Sh 4,300,000. Kama kuku 25 walikufa na 475 wakauzwa, kila aliyeuzwa amegharimu Sh 9,053 kwa kukadiria.

Sasa tuseme vitu saba hivyo vimeandikwa katika visanduku B2 hadi B8, na chini yake kuna fomula ya SUM ya kujumlisha. Lakini aliyejaza, kwa mazoea yetu ya kuandika risiti, akaandika gharama ya kibarua kuwa "200,000/=" na ya usafiri kuwa "70,000/=".

Kwa macho ya binadamu hakuna kilichoharibika. Kwa Excel, ile alama ya /= imegeuza namba kuwa maneno. Fomula ya SUM inapopita kwenye safu na kukuta maneno, hairuki wala haipigi kelele; huyaacha na kuendelea. Jumla itakayoonekana ni Sh 4,030,000, yaani pungufu ya Sh 270,000.

Angalia matokeo yake. Kompyuta itasema kila kuku amegharimu Sh 8,484. Mchuuzi akija na bei ya Sh 9,000, mfugaji atakubali kwa furaha, maana jedwali linaonyesha faida ya Sh 245,000. Ukweli ni kwamba ameuza kwa Sh 4,275,000 mradi uliogharimu Sh 4,300,000. Amepata hasara ya Sh 25,000 huku akiamini amepata faida, na atarudia mzunguko unaofuata kwa bei ile ile.

Hakuna mwizi hapo wala ugonjwa wa kuku. Kuna alama mbili tu zilizoandikwa mahali pasipostahili, na fomula iliyonyamaza.

Kosa linalosema na kosa linalonyamaza

Mtumiaji wa kawaida akiona "#VALUE!" au "#REF!" kwenye jedwali huhisi kompyuta imeharibika. Hukimbilia kumwita kijana aje "aondoe hayo maandishi mabaya". Kumbe maandishi hayo ni rafiki yake. Ni jedwali linalokataa kutoa jibu kwa sababu limekosa kitu.

Kila ujumbe una maana yake. "#VALUE!" huwa na maana kwamba fomula imekuta maneno mahali palipohitaji namba. Kama yule mfugaji angejumlisha kwa alama ya kujumlisha, yaani B2+B3+B4 na kuendelea hadi B8, ile "200,000/=" ingetoa ujumbe huu na kosa lingeonekana siku hiyo hiyo.

"#NAME?" maana yake umetaja jina ambalo jedwali halilijui, kwa mfano umeandika bei_pumbba badala ya bei_pumba. "#REF!" ni kwamba kisanduku kilichokuwa kinategemewa kimefutwa. "#DIV/0!" ni kwamba umegawanya kwa sifuri au kwa kisanduku kitupu, kama pale idadi ya kuku waliouzwa haijajazwa. Na "#N/A" huonekana pale unapotafuta kitu katika orodha na hakimo.

Ujumbe wa namna hii unakuudhi kwa dakika tano, lakini unakuokoa. Wa kuogopwa ni kisanduku kitupu. Fomula ya kujumlisha, kutoa au kuzidisha ikikuta kisanduku kitupu, Excel hukichukulia kuwa ni sifuri. Ukisahau kujaza bei ya mfuko wa chakula, mifuko 35 mara sifuri ni sifuri. Siku hiyo jedwali litakupongeza kwa faida kubwa kuliko zote.

Kwa wafugaji wa kuku wa mayai kuna mtego wa aina yake. Tuseme kwa siku sita umeokota mayai 240 kila siku, na siku ya saba aliyeokota hakuandika. Ukitumia fomula ya AVERAGE, itairuka siku hiyo na kukupa wastani wa 240. Ukijumlisha na kugawanya kwa saba, utapata karibu 206. Majibu mawili tofauti, na yote mawili hayakukumbusha kwamba kuna siku haijulikani. Anayeona 206 anaweza kudhani kuku wameanza kuugua na kununua dawa bure.

Mafundi wa programu nao waliumia

Tatizo hili si la wafugaji peke yao. Wanaotengeneza programu za kompyuta walikutana nalo zamani, na njia waliyoipata inatufaa na sisi.

Programu kubwa huundwa kutoka mafaili mengi, na kazi ya kuyaunganisha hufanywa na zana maalumu. Moja ya zana za mwanzo kabisa, inayoitwa Make, iliandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, na hadi leo inatumika. Nyingine ni Ant, iliyotoka kama zana inayojitegemea mwaka 2000.

Fundi huiandikia zana hiyo maelekezo akitumia majina badala ya kurudia kila kitu, kama mfugaji anavyoandika bei_pumba badala ya kurudia namba. Zana ikifika kwenye jina, inapaswa kuweka thamani yake hapo. Je, jina likiwa halikupewa thamani?

Hapo ndipo zana hutofautiana. Make, isipoamriwa vinginevyo, huweka utupu na kuendelea na kazi kimya kimya. Ant huliacha lile jina lilivyo likiwa ndani ya alama zake, hivyo mtu mwenye macho ataliona limebaki limening'inia kwenye matokeo. Toleo la Make linaloitwa GNU Make lina amri ya ziada ya kulifanya litoe onyo kila linapokutana na jina lisilo na thamani, lakini lazima fundi aiombe mwenyewe.

Madhara ya utupu kunyamaziwa yalionekana Januari 2015. Programu ya michezo ya kompyuta iitwayo Steam, kwa wale wanaotumia mfumo wa Linux, ilikuwa na maelekezo ya kufuta kila kitu ndani ya folda yake yenyewe. Jina la folda hiyo lilihifadhiwa katika nafasi moja. Ikatokea kwamba katika mazingira fulani nafasi hiyo ilibaki tupu. Amri ya "futa kila kitu ndani ya folda hii" ikageuka kuwa "futa kila kitu kuanzia mwanzo wa kompyuta".

Watumiaji waliokumbwa walipoteza mafaili yao, hata yaliyokuwa kwenye diski za nje zilizokuwa zimechomekwa. Aliyeandika maelekezo hayo alikuwa ameweka karibu na mstari huo neno la kuonyesha kwamba unatisha. Alijua. Alichokosa ni kuujaribu kwa nafasi tupu.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, mafundi makini hawaijaribu zana kwa maelekezo sahihi tu. Huandika majaribio ya makusudi yenye makosa. Hujaribu jina lenye thamani, jina lisilo na thamani, jina lililokosewa herufi, na jina linalojitegemea lenyewe kwa mzunguko. Halafu wanaangalia mambo mawili: je, zana imekataa? Na je, imesema vizuri kwa nini imekataa?

Hilo la pili ni muhimu. Ujumbe usemao "kosa limetokea" haumsaidii mtu. Ujumbe mzuri hutaja faili, mstari na jina lenye tatizo, ili mtu aende moja kwa moja mahali hapo.

Mawe ya kupimia hesabu

Mfanyabiashara wa mahindi wa Tandale anajua kwamba mizani haiaminiwi kwa sura yake. Wakala wa Vipimo huijaribu kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana. Mzani ukisoma kilo 19 kwa jiwe la kilo 20, hauna hoja tena.

Jedwali la hesabu nalo lipimwe hivyo hivyo, kwa mawe yake. Kazi hii haizidi nusu saa. Kabla ya kuanza, nakili jedwali ili ufanye majaribio kwenye nakala, na ile halisi ibaki salama.

Jiwe la kwanza ni jibu unalolijua. Weka namba nyepesi ambazo unaweza kuzihesabu kichwani. Kama ni jedwali la kuchanganya chakula, weka kilo 50 za kitu chenye protini asilimia 10 na kilo 50 za kitu chenye protini asilimia 30. Jibu lazima liwe asilimia 20. Weka kilo 100 za kitu kimoja chenye asilimia 10. Jibu lazima liwe 10. Likiwa tofauti, fomula ina kasoro.

Jiwe la pili ni utupu. Futa kisanduku kimoja, angalia kinachotokea, kirudishe, kisha futa kinachofuata. Fanya hivyo kwa kila kisanduku kinachojazwa. Kila unapofuta kimoja na jedwali likaendelea kukuonyesha faida kana kwamba hakuna kilichotokea, andika pembeni: hapo pana shimo.

Jiwe la tatu ni maneno. Weka "70,000/=" au "Tsh 70,000" mahali pa namba. Weka herufi O badala ya sifuri. Angalia kama jumla inabadilika kimya kimya. Hapa kuna dalili ya kukusaidia: usipobadilisha mpangilio, Excel huiweka namba upande wa kulia wa kisanduku, na maneno upande wa kushoto. Ukiona "namba" imeegemea kushoto, hiyo si namba.

Jiwe la nne ni jina lililokosewa. Hili linawahusu zaidi wenye maduka ya vyakula vya mifugo, ambao huweka orodha ya bei na kuifanya kompyuta itafute bei kwa jina la bidhaa kwa fomula ya VLOOKUP. Tafuta bidhaa ambayo hamna dukani. Jibu sahihi ni "#N/A". Kama badala yake umeletewa bei, fomula yako inakisia. Mwishoni mwa fomula hiyo panatakiwa neno FALSE, ambalo huilazimisha kutafuta jina lenyewe na si la kukaribia. Neno hilo likiachwa, na orodha ikiwa haijapangwa kwa alfabeti, unaweza kumuuzia mteja mashudu kwa bei ya pumba.

Jiwe la tano ni mstari wa ziada. Ongeza gharama mpya chini ya orodha, uone kama jumla imeichukua. Hata wasomi wakubwa wamenaswa hapa. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko kuhusu madeni ya serikali lililonukuliwa na wanasiasa wengi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, aitwaye Thomas Herndon, alipolipata jedwali lao aligundua, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula ya wastani iliishia mistari michache kabla ya mwisho na kuziacha nje nchi tano.

Chumvi haina mzaha

Jiwe la sita ni namba isiyowezekana, na hili linagusa uhai wa kuku.

Wafugaji wengi hujichanganyia chakula wenyewe ili kupunguza gharama, wakitumia pumba za mahindi, mahindi yaliyobarazwa, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa, mifupa iliyosagwa, chumvi na virutubisho vya dukani. Katika mchanganyiko huo chumvi ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya nusu kilo kwa kila kilo 100 za chakula.

Tuseme jedwali linataka kilo 0.3, yaani gramu 300. Kidole kikiruka nukta, inakuwa kilo 3. Kiasi hicho ni mara kumi ya kinachotakiwa. Chumvi nyingi ni sumu kwa vifaranga: hunywa maji kupita kiasi, huharisha, hudhoofika na kufa. Chokaa nayo ina mipaka yake. Kuku anayetaga anaihitaji kwa wingi kwa ajili ya ganda la yai, lakini kiasi hicho hicho kikienda kwa vifaranga huharibu figo zao.

Kwa hiyo andika chumvi kilo 3 kwenye nakala yako ya majaribio, uone. Jedwali lisiposema lolote, liwekee mipaka. Katika Excel ipo sehemu iitwayo Data Validation, ambapo unaweza kuagiza kwamba kisanduku cha chumvi kisipokee namba inayozidi 0.5, na unaweza kuandika ujumbe wako wa Kiswahili: "Chumvi imezidi. Angalia nukta." Vivyo hivyo idadi ya kuku waliokufa isizidi idadi ya vifaranga walioingia.

Ongeza pia kisanduku cha kuhakiki kwamba jumla ya viambato vyote ni kilo 100 kamili. Kiambato kimoja kikisahaulika, jumla itakuwa 99.7 au 92, nawe utajua kabla hujawasha mashine ya kuchanganyia.

Ieleweke kwamba hesabu sahihi haiwezi kurekebisha mashudu yaliyochakachuliwa au dagaa waliojaa mchanga. Kwa hilo unahitaji maabara. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, yenye makao yake Temeke, ni miongoni mwa taasisi zinazochunguza sampuli za vyakula vya mifugo.

Lifundishe jedwali kusema

Ukishayajua mashimo, yazibe kwa kulifanya jedwali lipige kelele. Kwa ule mfano wetu wa gharama saba, badala ya kuandika SUM peke yake, andika hivi:

=IF(COUNT(B2:B8)=7,SUM(B2:B8),"Angalia B2 hadi B8: namba hazijatimia 7")

Fomula ya COUNT huhesabu namba tu, haihesabu maneno wala utupu. Pale palipoandikwa "200,000/=" na "70,000/=", itaona namba tano badala ya saba. Jedwali litakataa kutoa jumla na litakuonyesha sehemu ya kutazama. Na kwa kuwa gharama ya kuku mmoja inategemea jumla hiyo, nayo itatoa "#VALUE!" badala ya bei ya uongo. Katika baadhi ya kompyuta alama ya mkato ndani ya fomula hubadilishwa kuwa nukta-mkato. Kijana wako atalijua hilo.

Jambo moja la kuepuka ni fomula iitwayo IFERROR inayotumiwa vibaya. Wapo wanaoifunga kwenye kila kisanduku ili "#VALUE!" isionekane, na mahali pake waweke sifuri. Jedwali linapendeza, lakini limezibwa mdomo. Ukimpa mtu kazi ya kukutengenezea jedwali, mwambie mapema kwamba hutaki sifuri mahali pa kosa.

Nafasi inapojaa

Jaribio la mwisho ni la ukomo. Kila jedwali na kila mtambo una mwisho wa nafasi yake, na swali ni lile lile: ukifika mwisho, utaambiwa?

Nchini Uingereza, kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, wagonjwa 15,841 wa Covid-19 waliachwa nje ya takwimu za kila siku. Taarifa zao zilikuwa zimepitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, ambalo haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetambua. Waliokuwa karibu na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa.

Linganisha na mita ya LUKU iliyopo ukutani kwako. Mita hiyo ikipewa tokeni ya mita nyingine huikataa. Haikisii kwamba "huenda ni yangu". Tena kila tokeni hubeba ndani yake muda ilipotengenezwa, ambao ulihesabiwa kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, karibu miaka 32, na ilikuwa inaisha Novemba 24, 2024.

Ndiyo maana katika mwaka huo wateja wa TANESCO walitakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha mita na la tatu la umeme wenyewe. Ilikuwa usumbufu kwa wengi, lakini ukomo ulijulikana mapema na ukashughulikiwa. Mita ambayo haikubadilishwa ingekataa tokeni mpya, na mwenye nyumba angejua siku hiyo hiyo kwamba kuna tatizo.

Kwa wenye daftari tu

Msomaji asiye na kompyuta asidhani makala haya hayamhusu. Daftari nalo lina utupu wake. Siku ambayo hamkuokota yai hata moja, andika sifuri. Siku ambayo hakuna aliyehesabu, andika "haijulikani". Usiache nafasi wazi, maana baada ya mwezi mmoja hutakumbuka tofauti ya mambo hayo mawili, na mnunuzi wa mradi au mkopeshaji akikuuliza hutakuwa na jibu.

Ukijumlisha kurasa, jumlisha mara mbili: kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Majibu yakitofautiana, usichague linalokupendeza. Tafuta kosa.

Mwenye jedwali naye ajiwekee utaratibu. Kila mara fomula inapobadilishwa, au jedwali linapohamishwa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu, mawe yale sita yarudiwe. Ni vizuri kuyaandika kwenye karatasi na kuibandika bandani au dukani: namba zinazowekwa na jibu linalotegemewa. Hapo hata mtu mwingine wa nyumbani anaweza kupima bila kumsubiri aliyelitengeneza.

Bei ya chakula ikipanda, mfugaji hawezi kuizuia. Ugonjwa ukiingia bandani, unaweza kumshinda. Lakini Sh 270,000 zilizopotea kwa sababu ya alama ya /= zilikuwa mikononi mwake. Kabla hujampangia mchuuzi bei ya mzunguko huu, futa kisanduku kimoja kwenye nakala ya jedwali lako, uone kama litakuambia.